Kichanganuzi cha spektra: juu ya gigahezi 2.9 mawimbi yamefifia. Draiva za kubadili bendi hufanyaje kazi?

FundiWaGhorofani — Jumanne, saa 3:10 usiku

Hamjambo mafundi wenzangu. Nina karakana ndogo kwenye ghorofa moja karibu na Luthuli Avenue, na kazi yangu ya kila siku ni redio za mkononi, ampilifaya za stesheni za FM na vifaa vya sola. Wiki mbili zilizopita mteja anayefunga mitambo ya maikrowevu aliniletea kichanganuzi cha spektra (chombo kinachoonyesha kwenye kioo nguvu ya mawimbi katika kila masafa) cha miaka ya 1990, kile kizito chenye mpini, kinachopima kuanzia kilohezi 9 hadi gigahezi 22. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Huku chini kinaona, huku juu ni kipofu."

Nimekijaribu na nimeona alichokiona. Nikifunga antena fupi, stesheni za FM zinajipanga vizuri, minara ya simu ya megahezi 900 na 1800 ipo, na ruta ya Wi-Fi ya ofisi ya jirani inaonekana kwenye gigahezi 2.4. Ruta hiyo hiyo hutoa pia gigahezi 5, lakini huko sioni kitu. Ili nisitegemee antena, nilichukua moduli yenye chipu ya ADF4351, ambayo hutoa megahezi 35 hadi gigahezi 4.4, nikaiweka kwenye gigahezi 2.8. Nilichagua masafa hayo kwa sababu bendi ya chini ya chombo hiki huishia gigahezi 2.9 ilhali bendi inayofuata huanzia 2.75, kwa hiyo mawimbi hayo hayo yanaweza kupimwa katika bendi zote mbili. Bendi ya chini ilisoma −5 dBm (desibeli kulinganisha na miliwati 1). Nilipokifungia kwenye bendi ya juu bila kugusa waya wowote, kikasoma −33 dBm. Desibeli 28 zimepotelea njiani. Jambo lililonishangaza ni kwamba kiwango cha kelele hakikushuka pamoja nazo. Kinapanda kidogo mpakani, kama kitabu cha huduma kinavyosema kitapanda.

Wenzangu wawili wameshatoa hukumu kwamba miksa (sehemu inayochanganya mawimbi yanayoingia na ya osileta ili kubadili masafa yake) imekufa na kwamba niitafute mtandaoni. Bei niliyoiona inakaribia bei ambayo mteja alikinunulia chombo chenyewe kikiwa kimetumika. Kabla sijampigia simu ya huzuni, ningependa kuelewa jambo hili kutoka mwanzo. Mchoro wa kitabu unaonyesha visanduku vitatu kwenye bodi moja, yaani sakiti za kuendesha sehemu nyingine: draiva ya swichi, draiva ya osileta (kizalishi cha mawimbi ya ndani) na draiva ya filta. Je, bendi inapobadilika, visanduku hivi hufanya nini hasa, kwa utaratibu gani, na mimi nipimie wapi kabla sijafungua sehemu yoyote ya maikrowevu?

MzeeWaKipimo — Jumanne, saa 4:45 usiku

Fundi, usinunue miksa. Kwanza nikueleze kelele inakuambia nini, kwa sababu umeitaja ukaipita. Kelele unayoiona kwenye kioo, sehemu yake kubwa huzaliwa katika ampilifaya ya kwanza iliyo baada ya miksa. Kama ampilifaya hiyo, au chochote kilicho nyuma yake, kingekuwa kimelegea, kelele nayo ingeshuka pamoja na mawimbi. Kwako haikushuka. Maana yake ni kwamba mawimbi yanapotea kabla ya kuifikia ampilifaya: katika swichi ya bendi, katika filta ya YIG (inayochagua masafa kwa tufe dogo linaloitikia sumaku), au katika miksa yenyewe. Siwezi kusema miksa imeachiliwa huru, lakini ni mshukiwa mmoja kati ya watatu, na wale wawili wa kwanza huendeshwa na sakiti ambazo mita yako ya kawaida inatosha kuzihoji.

Chombo chako hakina osileta tofauti kwa kila bendi. Osileta ni ile ile moja ya YIG, inayotembea kati ya gigahezi 3 na 6.8 hivi, na bendi ni namna mbalimbali za kuitumia. Katika bendi ya chini mawimbi huenda kwenye miksa bila kupitia filta ya YIG na kupandishwa hadi gigahezi 3.9214, kisha hushushwa hadi megahezi 321.4. Katika bendi za juu hatua ya kupandisha inarukwa: mawimbi hupitia filta ya YIG, huchanganywa na osileta au na hamoniki yake (masafa yake mara mbili, tatu au nne), na kushuka moja kwa moja hadi megahezi 321.4. Kuanzia gigahezi 2.75 hadi 6.5 inatumika osileta yenyewe, 6.0 hadi 12.8 inatumika hamoniki ya pili, 12.4 hadi 19.4 ya tatu, na 19.1 hadi 22 ya nne. Kelele hupanda kwa kila hatua kwa sababu miksa hupoteza zaidi inapofanya kazi na hamoniki, na chombo hufidia upotevu huo kwa kuongeza ukuzaji.

Sasa simama pamoja nami kwenye gigahezi 6.5, mahali ambapo mimi huwapeleka vijana ninaowafundisha, kwa sababu pale draiva zote zinajidhihirisha kwa pamoja. Sekunde moja kabla ya mpaka, osileta iko kwenye gigahezi 6.8214, yaani 6.5 kuongeza megahezi 321.4. Baada ya mpaka tunahitaji hamoniki ya pili ifike pale pale kwenye 6.8214, kwa hiyo osileta yenyewe lazima ianguke hadi gigahezi 3.4107. Filta je? Filta haisogei hata kidogo, kwa sababu mawimbi yanayoingia bado ni ya gigahezi 6.5. Osileta inaruka shimo zima ilhali filta imesimama. Katika vyombo vingi vya kizazi hicho amri ya filta hutolewa kwenye amri ile ile ya osileta, ikazidishwa kwa namba ya hamoniki na kupunguzwa megahezi 321.4, kwa hiyo wakati osileta inaanguka, draiva ya filta lazima ibadilishe kizidisho chake kutoka 1 hadi 2, vinginevyo filta ingeanguka pamoja nayo.

Kuhusu kuruka kwenyewe: tufe dogo la YIG huitikia uga wa sumaku kwa megahezi 2.8 kwa kila gausi 1, na uga huo hutoka kwenye koili. Draiva ya osileta, kwa hiyo, ni chanzo cha mkondo: kuna op-ampu, transista ya nguvu, na rezista ya kupimia mkondo inayomwambia op-ampu kama amri imetimizwa. Tuseme koili inatoa megahezi 20 kwa kila miliampea. Kuanguka kutoka 6.8214 hadi 3.4107 ni kutoka miliampea 341 hadi 170 au 171. Kama koili ina milihenri 80 na draiva inaweza kuiwekea volti 10, mabadiliko hayo yatachukua milisekunde 1.4 hivi, na hapo bado hatujahesabu chuma cha sumaku, ambacho hukumbuka kilikotoka na hakitulii mara moja. Ukitaka kujua kwa nini rezista ile ya kupimia huwa kubwa, ya gharama, na imefungwa mbali na joto, piga hesabu: kosa la maikroampea 1 ni kilohezi 20.

Ndiyo maana kichakataji hakibadilishi bendi mbio mbio. Husimamisha skani na kuzuia mchoro usichorwe, hupanga swichi ya njia na mkondo wa miksa, hubadilisha kizidisho cha filta, hupeleka osileta mahali papya na kusubiri itulie kwenye masafa hayo, halafu huachia skani iendelee. Ukitazama kwa makini skani ndefu ya gigahezi 2.75 hadi 22, utaona kitone kikisita kidogo kwenye kila mpaka.

Kwako tatizo liko katika bendi zote za juu, si moja tu. Kwa hiyo sidhani ni kizidisho. Anza na draiva ya swichi.

BintiWaMaabara — Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Nakubaliana na Mzee kuhusu mahali pa kuanzia, nami nitaeleza draiva ya swichi kwa kirefu kwa sababu nimezitengeneza kadhaa.

Swichi ya bendi katika chombo kama hicho kwa kawaida ni ya dayodi za PIN. Dayodi hizi zina tabaka pana katikati lisilo na uchafu wa makusudi, na tabaka hilo ndilo linalofanya kazi. Ukipitisha mkondo wa mbele wa makumi ya miliampea, linajaa chaji na dayodi inakuwa kama rezista ya ohm 1 hivi kwa mawimbi ya maikrowevu. Ukiweka volti ya kinyume, linakauka na kubaki kapasita ndogo sana isiyopitisha mawimbi. Kuna hali ya tatu ambayo mafundi wengi huisahau, nayo ni ya dayodi isiyopewa chochote. Dayodi iliyoachwa kwenye sifuri haijafunguka wala haijafunga barabara. Inavujisha mawimbi kiasi. Kwa maoni yangu desibeli zako 28 zinanuka hali hiyo ya tatu, kwa sababu waya uliokatika kabisa au filta iliyopotea kabisa mara nyingi hupoteza zaidi ya hapo.

Draiva, basi, ina kazi mbili zisizofanana. Kwa mkono wa swichi uliochaguliwa hutoa mkondo, na kwa mkono usiochaguliwa hutoa volti. Upande mmoja una transista inayouvuta mstari kuelekea volti 15 za hasi kupitia rezista ya kupunguza mkondo, na upande wa pili una transista inayousukuma mstari kuelekea volti 15 za chanya. Mbele yake kuna sakiti ndogo ya kutafsiri amri ya kichakataji ya sifuri au volti 5 iwe amri inayoweza kugusa volti za hasi. Mkondo ukipita vizuri utasoma karibu −0.8 kwenye mstari, kwa sababu dayodi yenyewe ndiyo inayoamua volti hiyo. Mkono uliofungwa utasoma kama +14.

Usomaji huo unakuambia mengi kuliko unavyodhani. Ukikuta −14 mahali ulipotarajia −0.8, draiva iko sawa ila dayodi au waya wake umekatika, na hapo ndipo utakuwa na haki ya kuhuzunika. Ukikuta karibu na sifuri, dayodi inawezekana ni nzima na draiva ndiyo isiyovuta.

Niongeze neno kuhusu kasi, kwa kuwa wengi hudhani kuizima dayodi ya PIN ni kuondoa mkondo tu. Chaji iliyojaa haina haraka ya kuondoka. Dayodi yenye uhai wa chaji (muda ambao chaji hudumu ndani yake) wa maikrosekunde 1, iliyokuwa na miliampea 30, ukiinyonya kwa miliampea 3 itachukua maikrosekunde 2.4 hivi, ukiinyonya kwa miliampea 100 itachukua kama robo ya maikrosekunde. Ndiyo sababu kwenye draiva nzuri utaona kapasita ndogo imewekwa sambamba na rezista ya kupunguza mkondo: inatoa mshtuko mfupi wa mkondo mkubwa wakati wa kubadili, kisha inanyamaza.

Fundi, tafadhali pima ukiwa umekifunga chombo kwenye bendi moja, si katika skani ndefu, la sivyo mita itakupa wastani usio na maana. Na uvae mkanda wa kuondoa umeme tuli.

Nyuzi_Saba — Jumatano, saa 7:05 mchana

Samahani nikiingilia. Mimi ninajijengea kichanganuzi kidogo nyumbani, Kasarani, chenye bendi mbili, na nimetumia rilei zinazoendeshwa na ULN2003, chipu ya kuendeshea rilei. Haina volti za hasi, haina chaji ya kunyonya, na kilohezi chache zinapita bila taabu. Kwa nini watengenezaji wajisumbue na dayodi za PIN? Pia rilei zangu zinachelewa kuachia kuliko zinavyoshika. Je, hilo ni kawaida?

MzeeWaKipimo — Jumatano, saa 11:30 jioni

Hujaingilia, kijana wangu, swali lako liko ndani ya mada.

Rilei ni nzuri pale ambapo kubadili ni kwa nadra na mawimbi ni makubwa au ya masafa ya chini. Dayodi ya PIN yenye uhai wa maikrosekunde 1 huanza kupoteza tabia yake karibu na kilohezi 160, na chini ya hapo, mawimbi yakiwa makubwa, huyageuza kama dayodi nyingine yoyote. Lakini chombo kinachofagia kutoka gigahezi 0 hadi 22 mara kadhaa kwa dakika kingeigonga rilei mpakani mchana kutwa, na rilei ina idadi ya kugongwa iliyoandikiwa. Hata chombo cha Fundi kina rilei, ila ziko kwenye kipunguza-mawimbi cha mlangoni; ndiyo ile milio ya "tak, tak" unayoisikia ukibadilisha kiwango cha rejea. Hizo ni za kujishikilia kwa sumaku: draiva huzipa pigo la milisekunde chache, kisha hukata umeme, nazo hubaki zilipo. Faida yake ni kwamba hazichemshi kitu. Hasara yake ni kwamba stima ikipotea katikati ya pigo, chombo hakijui rilei iko upande gani, kwa hiyo kikiwashwa lazima kizipange zote upya.

Kuhusu kuchelewa kuachia: ULN2003 ina dayodi za ulinzi ndani yake, na wewe bila shaka umeunganisha mguu wake wa pamoja moja kwa moja kwenye volti za koili, kama inavyotakiwa. Mkondo wa koili, ukikatwa, huzunguka kupitia dayodi hiyo na kufa polepole, na rilei hubaki imeshika mpaka ufe. Weka dayodi ya zena kati ya mguu huo na volti za koili, ili koili iruhusiwe kupanda zaidi ya volti zake kabla ya kubanwa. Mkondo utakufa upesi. Hesabu tu kwamba volti za koili pamoja na za zena zisizidi 50, kwa sababu hapo ndipo ULN2003 huishia. Kwa rilei za volti 12, zena ya volti 24 inakuacha salama.

Binti, somo lako la chaji ni zuri na sina cha kupunguza, ila kwa chombo hiki kapasita ile ya mshtuko ni urembo. Unapigania robo ya maikrosekunde, ilhali osileta inajikokota kwa milisekunde nzima na kichakataji kinaisubiri.

BintiWaMaabara — Jumatano, saa 2:15 usiku

Nakiri, Mzee. Mimi nilizitengeneza kwa ajili ya rada, ambako robo hiyo ya maikrosekunde ni mita 37 na nusu za umbali, na mazoea yamenifuata hadi hapa. Kwa kichanganuzi kinachosubiri YIG, draiva ya polepole inatosha. Kinachobaki kuwa cha lazima ni zile hali mbili thabiti: mkondo wa kutosha upande mmoja na volti ya kinyume ya kutosha upande mwingine.

FundiWaGhorofani — Ijumaa, saa 3:40 usiku

Nimechelewa kurudi kwa sababu jana stima ilipotea mara mbili nikiwa nimekifunua chombo, na sikutaka kuendelea kupima kwa tochi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Draiva ya swichi ina mistari miwili inayotoka kwenye bodi kwa waya mwembamba hadi kwenye sanduku la swichi na filta. Katika bendi ya chini, mstari wa kwanza ulisoma −0.82 na wa pili +14.3. Nilipokifungia chombo kwenye bendi ya juu, mstari wa kwanza ulipanda hadi +14.4, kama Dada BintiWaMaabara alivyoeleza, lakini wa pili, ambao ulipaswa kushuka hadi −0.8, ulisimama kwenye 0.04. Kwa hiyo mkono wa chini ulikuwa unafungwa ipasavyo, na mkono wa juu ulikuwa haufunguliwi. Umeachwa kwenye sifuri.

Nikafuata nyuma. Amri ya kichakataji inafika: sifuri katika bendi moja, 4.9 katika nyingine. Transista ya chini inapokea amri yake. Kati ya transista hiyo na volti 15 za hasi kuna rezista moja ya ohm 470 ya nusu wati. Niliweka ncha ya mita kwenye mstari wa shaba wa bodi, pembeni kabisa mwa mguu wa rezista, nikasoma −14.9. Niliisogeza ncha milimita moja, nikaiweka juu ya mguu wenyewe, nikasoma sifuri. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini macho yangu. Chini ya kioo cha kukuzia, kuzunguka mguu ule, risasi ya kulehemu ilikuwa na duara jembamba jeusi kama mstari wa kalamu ya penseli, na bodi ya pale imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipoubonyeza mguu kwa kijiti cha plastiki, mawimbi ya gigahezi 2.8 yaliruka juu kwenye kioo, nilipouachia yakaanguka.

Rezista nilipoitoa ilisoma ohm 468, yaani haina kosa lolote. Nikapiga hesabu ya joto: volti 14.2 juu ya ohm 470 ni miliampea 30, na hiyo ni wati 0.43 ndani ya rezista ya wati 0.5. Kila chombo kinapokuwa katika bendi za juu inachemka, kikirudi chini inapoa, na hivyo kwa miaka thelathini hivi mpaka risasi ikachoka. Dukani chini hawakuwa na ohm 470 ya wati 1, kwa hiyo nimeweka mbili za kilohm 1 sambamba, nimeziinua milimita tano juu ya bodi. Zote mbili zimenigharimu chini ya bei ya andazi.

Sasa mstari wa pili unasoma −0.81, na moduli yangu kwenye gigahezi 2.8 inasoma −5.6 katika bendi ya juu dhidi ya −5 katika bendi ya chini. Bado kuna jambo moja. Nikiipeleka moduli kwenye gigahezi 4.2, ninapata desibeli 5 pungufu ya ninavyotarajia, na kila nikirudia inabadilika kidogo kutegemea nilikuwa nimetoka masafa gani. Je, ni miliampea mbili nilizopunguza kwenye dayodi?

BintiWaMaabara — Ijumaa, saa 4:05 usiku

Hapana. Miliampea 28 badala ya 30 haitaonekana hata kwa desibeli 0.1. Kilohm 1 mbili ni chaguo zuri, kila moja inabeba wati 0.2 tu. Ila hilo la kutegemea ulikotoka si tabia ya dayodi ya PIN. Dayodi haina kumbukumbu ya sumaku.

MzeeWaKipimo — Ijumaa, saa 4:30 usiku

Hongera, Fundi. Hiyo ya pili ni draiva ya filta, na si mbovu, imepotea njia kidogo tu. Filta ya YIG ina upana wa makumi ya megahezi. Tuseme nayo inakwenda megahezi 20 kwa miliampea: kosa la miliampea 1 linatosha kuyapeleka mawimbi yako ukingoni mwa filta, na ukingoni ndiko zinakopotea desibeli 5. Kutegemea ulikotoka ni chuma cha sumaku kinachokumbuka, ndiyo maana chombo chenyewe, kabla ya kila skani, hupeleka mkondo chini ya mwanzo kisha kuupandisha, ili kila mara kifike kutoka upande ule ule. Wewe ukiruka ruka kwa mkono katika masafa yaliyosimama, unaivuruga desturi hiyo.

Kiache kiwake nusu saa kikiwa kimefunikwa, kwa sababu ukikipima kikiwa wazi koili hazifiki joto lake la kawaida. Kisha tumia kazi yake ya kusogeza filta hadi kileleni mwa mawimbi, kwenye gigahezi 2.8 na kwenye 4.2. Kama marekebisho yanayotakiwa yanafanana kote kuwili, ni mahali pa kuanzia pa draiva palipohama. Kama yanakua kadiri unavyopanda, ni kizidisho. Chombo hicho kina utaratibu wa kujirekebisha unaohifadhi thamani hizo kwenye kumbukumbu yake. Inawezekana kabisa kwamba mtu aliuendesha wakati swichi ilikuwa imeshakatika, chombo kikatafuta kilele cha mawimbi hafifu na kuhifadhi thamani zisizo sahihi.

FundiWaGhorofani — Jumamosi, saa 5:20 asubuhi

Mzee, marekebisho yalifanana kote kuwili. Nimempigia mteja kumwuliza, naye amekumbuka kwamba alikiendeshea utaratibu huo mwenyewe mwezi uliopita alipoona mawimbi yamefifia, akidhani atakiponya.

Nimeuendesha upya kikiwa na joto. Kwenye gigahezi 4.2 tofauti imebaki chini ya desibeli 1, na nikitoka juu au nikitoka chini kinasoma sawa. Ruta ya jirani sasa iko pale kwenye megahezi 5180, pana na bapa juu kama inavyotakiwa. Mteja anakuja Jumatatu. Rezista yake ya zamani nimeiweka kwenye mfuko mdogo wa plastiki nimkabidhi pamoja na risiti, kwa sababu najua ataniuliza ni nini hasa nilichobadilisha.